Mpaka Usio na Mlango wa Mnyonge

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma wa Mwadui, Wilaya ya Kishapu, juu ya ushirikiano wa nchi jirani katika uhamiaji ulio salama na wa halali)



Hapana mkazi wa Mwadui asiyejua maana ya uzio. Tangu John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, alipoligundua shimo la almasi mwaka 1940, maisha ya mahali hapa yamekuwa ni maisha ya seng'enge na lango. Mwenye kazi hupita langoni na kitambulisho chake, na atokapo hupekuliwa. Asiye na kazi hubaki Maganzo, akiyatazama kwa mbali malundo ya mchanga uliokwisha kuchekechwa. Na wapo wasioridhika kutazama tu. Hao hungoja giza, wakapenya seng'enge na chekeche begani, na Mwadui nzima inawajua kwa jina la wabeshi.

Ulinzi umekuwapo miaka yote hiyo, na wabeshi wamekuwapo miaka yote hiyo. Watu wamepigwa na kujeruhiwa ndani ya eneo la mgodi, na wengine wamepoteza maisha. Mwezi Mei 2021 kampuni ya Petra Diamonds, ambayo wakati huo ilikuwa na hisa nyingi za mgodi, ilifikia mapatano ya pauni milioni 4.3 na watu waliokuwa wamefungua madai Uingereza, bila ya kukiri hatia kisheria. Lililo muhimu kwa mazungumzo ya leo ni sehemu moja ndogo ya mapatano hayo: ilitajwa kwamba wanavijiji wa jirani watapewa nafasi ya kuingia kwa utaratibu, katika sehemu zilizotengwa, ili waokote kuni na kuchunga mifugo. Yaani baada ya miaka mingi ya kuimarisha uzio, ilionekana kwamba hapana budi kufungua mlango mdogo kwa mtu mdogo.

Mpaka wa nchi na nchi ni uzio wa aina hiyo hiyo, ila umechorwa na watu wa mbali zaidi. Mstari unaoitenga Ngara na nchi za Rwanda na Burundi ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wabelgiji, ambao hapana hata mmoja wao aliyekuwa na shamba la migomba ukingoni mwa mto Kagera. Waliokuwa na mashamba hayo hawakuulizwa. Waliendelea kuoana, kuazimana ng'ombe na kwenda kutafuta kazi ilikokuwapo, na kwa wengi wao kazi hiyo, kwa miaka ya karibuni, imekuwa katika machimbo ya dhahabu ya Geita: Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu na mengineyo.

Mwaka 2013 jambo hili lilifika kileleni. Mwezi Julai, akiwa ziarani Mkoa wa Kagera, Rais Jakaya Kikwete aliwapa wahamiaji wasio na vibali muda wa wiki mbili kuondoka kwa hiari. Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Sababu zilizotolewa hazikuwa za kubuni. Ujambazi wa kutumia silaha ulikuwa umewafanya abiria wa barabara za Kagera kusafiri kwa kusindikizwa na askari, na makundi makubwa ya ng'ombe yalikuwa yameingia katika mapori ya akiba. Serikali inayoona hayo na kunyamaza haiwatendei haki raia wake.

Walakini, operesheni haina mizani ya kumpima mtu mmoja mmoja. Kati ya maelfu walioondoka walikuwamo waliokuwa wameishi Tanzania miongo kadhaa, waliooa na kuolewa, waliolima na kujenga. Wengine waliacha nyuma mume au mke na watoto. Jambazi mwenye bunduki huvuka mto usiku na kurudi apendapo. Anayekamatwa kwa urahisi ni yule mwenye nyumba na migomba, kwa sababu anajulikana alipo. Ni jambo la kutia moyo kwamba baada ya hapo Idara ya Uhamiaji, kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, ilianza kazi ya kuwaandikisha wahamiaji wa mikoa hiyo mitatu, ili ijulikane nani ni nani na amekuwapo tangu lini. Ingefaa zaidi kama uandikishaji ungetangulia na operesheni ikafuata.

Anayedhani kwamba hayo ni mambo ya Wanyarwanda na Warundi peke yao na aangalie upande wa kusini. Mwanzoni mwa mwaka 2017 majeshi ya Msumbiji yaliingia katika machimbo ya rubi ya Montepuez, Mkoa wa Cabo Delgado, kuwaondoa wachimbaji wasio na vibali. Mamia ya waliofukuzwa walikuwa Watanzania. Walivuka Ruvuma na kuingia Mtwara, wengi mikono mitupu, wakilalamika kwamba mali zao zimechukuliwa na kwamba wamepigwa. Watanzania waliposikia waliudhika, na walikuwa na haki ya kuudhika. Lakini mtu yule wa Montepuez na mtu yule wa Nyarugusu ni mtu mmoja. Ameusikia uvumi wa mawe, ameuza mbuzi wake apate nauli, amevuka mpaka bila karatasi kwa kuwa hapakuwa na ofisi ya kumpa karatasi ya kazi ya namna hiyo. Haiwezekani kumwita ndugu aliyeonewa akiwa Msumbiji na kumwita mhalifu akiwa Geita.

Hapa swali la haki linakuja: je, wakati mtu yule alipotaka kuvuka kihalali, palikuwa na njia gani?

Jumuiya ya Afrika Mashariki inayo Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyotiwa saini Novemba 20, 2009 na kuanza kutumika Julai 1, 2010. Itifaki hiyo ni kazi nzuri na inafaa isomwe na kila mtumishi wa umma, si na maofisa wa uhamiaji tu. Inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuingia nchi nyingine bila viza na kukaa kwa muda hadi miezi sita kama mgeni. Inampa haki ya kutafuta na kufanya kazi, na ya kufuatana na mume au mke na watoto. Kanuni zake zinasema kwamba aliyepata mkataba wa kazi wa zaidi ya siku 90 aombe kibali ndani ya siku 15 za kazi, na mamlaka ijibu ndani ya siku 30. Vituo vya pamoja vya mpakani vimejengwa, ambapo msafiri hushuka mara moja badala ya mara mbili. Kituo cha Rusumo kilifunguliwa Aprili 2016 na Rais John Magufuli na Rais Paul Kagame, juu ya mto ule ule ambao mwishoni mwa Aprili 1994 ulivukwa na Wanyarwanda wapatao 250,000 katika muda wa siku mbili, wakikimbia mauaji. Aliyeliona daraja la Rusumo mwaka ule, akaliona tena malori yanapokaguliwa kwa zamu na maofisa wa nchi mbili waliokaa chumba kimoja, hawezi kusema kwamba hakuna kilichofanyika.

Pamoja na hayo, haki ya kufanya kazi chini ya Itifaki hufuata orodha ambayo kila nchi iliiandika yenyewe. Orodha ya Tanzania iliwafungulia wataalamu na wasomi: wahadhiri, waganga, wahandisi na mafundi wenye vyeti. Mpasua mawe hamo. Mchunga ng'ombe hamo, wala yaya, wala mvunaji wa kahawa wa msimu. Zaidi ya hayo Itifaki yenyewe inamtambua mfanyakazi kwa mkataba wake. Mkataba gani anao mtu anayeshuka ndani ya duara kwa kamba, ambaye ujira wake ni mgawo wa mifuko ya mawe baada ya mwenye duara, mwenye leseni na mwenye karasha kuchukua yao? Mlango uliofunguliwa mwaka 2010 ni mlango wa kweli, ila umejengwa kwa kimo cha mwenye shahada. Mwenye sururu anazungukia nyuma, kama mbeshi.

Na anayefaidika na hali hiyo ni nani? Si yeye, wala si taifa. Ni tajiri wa duara. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 imeweka leseni ya uchimbaji mdogo kuwa ya raia wa Tanzania tu, na ni sawa kabisa iwe hivyo. Lakini sheria hiyo ya leseni haimzuii mwenye leseni kuwatafuta watu wasio na karatasi, akijua kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kwenda polisi akinyimwa mgawo wake, wala kwa ofisa kazi duara likimwangukia. Akianza kudai, kunatolewa taarifa, anakamatwa, na deni linakwisha. Tena kijana wa Kisukuma aliyekuja na kitambulisho chake cha taifa mkononi anaambiwa: ukitaka ujira mkubwa nenda, wapo wanaokubali nusu yake. Kwa hiyo anayetetea kibali cha mgeni mnyonge hatetei mgeni peke yake. Anatetea ujira wa mwenyeji.

Wapo watakaosema kwamba karatasi zikitolewa mambo yatanyooka yenyewe. La hasha. Wazee wa nyanda za kusini wanaikumbuka Wenela, lile shirika la makaburu wa migodi la kuwaajiri vibarua kwa ajili ya dhahabu ya Witwatersrand. Huo ulikuwa uhamiaji wenye karatasi zote. Kibarua alipimwa afya, akapewa mkataba, akasafirishwa, akahesabiwa wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Kwa vibarua wa Msumbiji na Nyasaland hata sehemu ya mshahara ilizuiwa mpaka mtu arudi kwao. Kilichokosekana ni kimoja tu, nacho ni sauti ya kibarua mwenyewe: hakuwa na chama wala haki ya kuchagua mwajiri, na nchi yake haikuwa na uwezo wa kumtetea. Tanganyika ilipojitawala mwaka 1961 haikusita kuukata mpango huo. Nchi jirani zikikaa leo kupatana juu ya vibali vya vibarua, hapana budi zianze na yale ambayo Wenela haikuwa nayo: haki ya kubadili mwajiri, haki ya kulipwa kwa mkono wako, na ofisa wa kazi anayekwenda duarani, si anayesubiri mjini.

Lipo na somo la mwaka 1977, ambalo watumishi wa umma wanapaswa kulijua kuliko watu wengine. Februari mwaka huo Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na Jumuiya ya kwanza ikavunjika. Mpaka haukufunguliwa tena mpaka Novemba 1983. Wafanyakazi wa reli, bandari, posta na mashirika mengine ya Jumuiya, waliokuwa wamehamishwa na mwajiri wao kihalali kabisa kutoka Nairobi kwenda Tabora na kutoka Dar es Salaam kwenda Kampala, walijikuta upande huu na akiba yao upande ule. Mapatano ya kugawana mali na madeni yalitiwa saini mwaka 1984. Hata hivyo, zaidi ya miaka 20 baadaye, wazee waliokuwa watumishi wa Jumuiya ya zamani walikuwa wakikusanyika Dar es Salaam kudai mafao yao, wengine wakiwa na fimbo, wengine wakiwakilishwa na wajane. Haki ya mfanyakazi isiyoweza kuvuka mpaka pamoja naye ni haki nusu. Kwa mpasua mawe, ambaye hajapata kuwa na akiba ya uzeeni upande wowote, ni sufuri.

Itifaki ni ya nchi za Jumuiya. Lakini barabara za Tanzania hupitiwa pia na watu wasiokuja Tanzania. Hao ni vijana wa Ethiopia na Somalia wanaoelekea Afrika ya Kusini, wakiwa shehena mikononi mwa mawakala. Juni 2012 miili ya zaidi ya 40 kati yao ilikutwa Mkoani Dodoma. Walikuwa wamekosa hewa ndani ya lori, na dereva alikuwa amewatupa porini. Machi 2020 maofisa wa Msumbiji walifungua kontena huko Tete wakakuta Waethiopia 64 wamekufa. Lori lile la Dodoma halikupaa angani. Lilipita vizuizi, na katika kila kizuizi alikuwapo mtu mwenye sare.

Wale waliofika wazima wakakamatwa walifungwa. Mkimbilio wa kesi hizo ulikuwa ni faini, na asiye na faini hukaa gerezani; kifungo kikiisha, hubaki akingoja nauli ya kurudishwa kwao. Januari 25, 2021, huko Chato, Mkoa wa Geita, Rais Magufuli alimpokea Rais Sahle-Work Zewde wa Ethiopia, akatangaza kuwaachia wafungwa wa Kiethiopia 1,789. Baadhi yao walikuwa wamekaa gerezani miaka mingi. Ulikuwa ni uamuzi wa kiutu na unastahili sifa. Lakini fikiri, ndugu: watu 1,789 wamelishwa, wamelindwa na kutibiwa kwa kodi ya mkulima wa pamba wa Kishapu, kwa kosa la kupita njia. Mawakala waliowatoza fedha hawakuwa katika msafara wa kurudi. Ushirikiano uliofanyika Chato kwa siku moja, wakuu wa nchi wawili wakizungumza ana kwa ana, ungefanywa na maofisa wa Ethiopia, Kenya, Tanzania, Malawi na Msumbiji kwa barua na simu za kila wiki, kijana asingefika gerezani: angerudishwa mapema, na wakala wake angetafutwa katika nchi zote tano kwa jina moja.

Tanzania haikosi ujuzi wa kufanya jambo hili vizuri. Si mbali na hapa, Ulyankulu katika Mkoa wa Tabora, na Katumba na Mishamo upande wa Katavi, Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa ardhi, wakalima, wakalipa kodi. Mazungumzo kati ya Tanzania, Burundi na Umoja wa Mataifa yaliwapa nafasi ya kuchagua: kurudi Burundi au kuomba uraia. Oktoba 2014 vyeti vya uraia vilianza kukabidhiwa kwa watu zaidi ya 162,000. Kazi hiyo ilichukua miaka, ilisimama katikati, ikapingwa, ikaendelea. Ilifanikiwa kwa sababu nchi mbili zilikaa meza moja na kila mtu aliulizwa kwa jina lake.

Ndugu walimu na watumishi, mikataba hutiwa saini Arusha, lakini mtu huwa halali au si halali kwenye meza ya mtendaji wa kijiji. Barua ya mtendaji ndiyo inayomfikisha mtu kwenye kitambulisho cha taifa. Ikiuzwa, mgeni mwenye fedha anakuwa mwenyeji kwa siku moja. Ikizuiliwa kwa hofu, raia wa Ngara au Biharamulo ambaye bibi yake alizaliwa ng'ambo ya mto anazungushwa kana kwamba ni mgeni katika kaburi la babu yake. Makosa hayo mawili yanatendwa katika ofisi zile zile, wakati mwingine na mtu yule yule. Daftari la wakazi lililoandikwa kwa uaminifu, nyumba kwa nyumba, lina faida kwa ulinzi wa nchi kuliko msako wa usiku.

Kadhalika kuna suala la watoto. Katika machimbo wapo watoto ambao mama ni wa Muyinga na baba ni wa Kahama, au baba hajulikani alikokwenda. Cheti cha kuzaliwa hakitoi uraia. Kinasema tu mtoto amezaliwa lini, wapi na nani. Walio chini ya miaka mitano huandikishwa bila malipo katika vituo vya afya na ofisi za kata. Mwalimu mkuu anayemkatalia mtoto dawati kwa sababu ya lafudhi ya mama yake anamtengenezea wakala mteja, kwani mtoto asiye katika daftari lolote akichukuliwa hapana wa kuuliza.

Na huchukuliwa. Mwaka 2022 Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilionyesha watoto wenye ulemavu waliotolewa Tanzania kwa ahadi za matunzo na kazi, wakafikishwa Nairobi na kuketishwa barabarani waombe, na jioni fedha zikachukuliwa na waliowaleta. Tanzania inayo Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu tangu mwaka 2008, na Kenya inayo yake, lakini sheria zote mbili huanza kazi baada ya mtu fulani kutoa taarifa. Polisi wa Nairobi hamjui mtoto huyo. Anayemjua ni mwalimu wa darasa la pili, aliyeita jina lake Jumatatu asubuhi na hakuitikiwa, akaliita Jumanne, akaambiwa na wenzake kwamba amekwenda kwa shangazi. Jina hilo lipelekwe kwa mtendaji na kwa polisi siku hiyo hiyo, pamoja na umri wake, ulemavu wake na jina la huyo shangazi. Kutoka Shinyanga hadi Sirari basi halichukui hata siku nzima.